Kunigunda na Msabato wa Duka la Dawa

Nimesema sitaki. Getrude wa jumuiya yetu alipokuja mara ya kwanza nilimwambia nina maharage ya kupepeta. Akaja tena, nikamwambia macho yananiuma. Akaja tena, safari hii na karatasi na kalamu mbili, ya pili ya akiba, kana kwamba mimi ni karani wa boma. "Bibi, andika wewe, wewe ndiye unayejua." Kujua najua. Ila sielewi kwa nini mtu aliyesoma mpaka chuo amsumbue mtu aliyeachia darasa la tatu, na nina mashaka anataka kuzicheka herufi zangu. Haya, acheke. Kunigunda mwenyewe ameulizwa akafunga mlango kwa komeo, kwa hiyo nitasema mimi, na nitasema kama ilivyokuwa. Asiyependa aache kusoma hapa hapa akachote maji.

Kunigunda ni mtu wa Mbuji, kule juu ambako mashamba yamelala mgongoni mwa mlima, ukidondosha boga unalifuata mpaka bondeni. Mjane wa siku nyingi. Watoto wake wakubwa wametawanyika, mmoja Songea, mmoja Kigonsera, wengine hata hasemi walipo. Aliyebaki naye ni kitinda mimba, Emilian, na mkewe Aurelia, nyumba yao inatazamana na ya mama, mlango kwa mlango.

Sasa huyu Kunigunda, Mungu alimuumba na jicho moja la ziada, la kushuku. Hajawahi kupewa kitu akakipokea bila kukigeuza nyuma na mbele. Sukari ya dukani huionja kabla haijafungwa. Walipoleta vyandarua vya bure alikitundika cha kwake kwenye banda la mbuzi, akawatazama mbuzi, na alipoona wako wazima na bado wana kelele zao ndipo akakiingiza ndani. Padri mgeni akija, yeye hukaa benchi la mbele kabisa, na si uchaji wa Mungu unaompeleka pale. Anataka kusikia kama anaruka maneno ya misa.

Lakini kwenye komoni yake hakuna aliyemshuku yeye. Hiyo pombe ya mahindi na ulezi aliijua kama mtu anavyojua sauti ya mwanawe. Ukisikia Kunigunda ameita ngokela, watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto na majembe yao. Ngokela ni kazi ya kusaidiana: wewe unaita majirani wakulimie ngolo zako, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, hakuna kulipana, ila pembeni mwa shamba chungu kinangoja, na kazi ikiisha kibuyu kinazunguka. Wote wanakunywa. Asiyekunywa wanamtazama.

Emilian alikulia nyuma ya chungu hicho. Akaanza na makombo ya chini, akaja kwenye kibuyu cha wanaume, na baba yake alipokufa akateremka mpaka kule bondeni wanakopika gongo. Alikuwa na mkono wa kupogolea kahawa ambao watu waliuazima kama panga. Kisha ule mkono ukaanza kutetemeka. Asubuhi alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai mpaka apate kwanza kitu cha bondeni. Aurelia aliona, akanyamaza kwa kuogopa mama mkwe. Mama mkwe naye aliona, akasema mwanawe ametupiwa kitu.

Aliyemshuku alikuwa mwingine kila mwezi. Mwishoni akampata wa kudumu.

Barabarani, pale bodaboda zinapoegesha, kuna duka la dawa la Asnath. Asnath ni Mpare, si wa huku, alikuja na mumewe Jonas, bwana samaki wa serikali. Baadaye mume akahamishiwa Mbamba Bay kule ziwani, mke akabaki na duka lake. Amesomea dawa darasani, cheti kimebandikwa ukutani na kioo juu yake. Watu wanamwita daktari, naye anasahihisha kila mara, "Mimi ni mfamasia," mpaka wamechoka wao, hajachoka yeye. Tena ni Msabato. Jumamosi duka limefungwa hata ukifa. Hanywi pombe, hanywi hata chai ya majani. Mwanamke anayeishi peke yake, hanywi kitu cha mtu, analetewa usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa basi na kugawia majirani bila kuombwa! Kunigunda aliletewa sahani ya usipa akampa paka. Paka akala, akalala juani, na Kunigunda akakaa akimtazama kama atakufa.

Paka hakufa. Mashaka nayo hayakufa.

Basi siku moja akamwona Emilian anaingia kwenye duka lile, akaona si mara ya kwanza, maana aliingia bila kubisha. Kunigunda akajitanda kanga mpaka puani, akaenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, katikati ya akina mama wenye watoto wa kikohozi. Akasikia kila kitu.

"Karibu, kaka Emilian. Tumbo tena?"

"Tena. Nipe zile za kutafuna."

"Za kutafuna nilikupa juzi juzi. Zimekwisha zote?"

"Zimekwisha."

"Basi tumbo linasema na sisi tunaliziba mdomo. Nikuulize, na usikasirike, kila mwenye kiungulia kisichokoma namuuliza hivi. Pombe unakunywa?"

Emilian akacheka. "Daktari, mimi ni Mmatengo. Mama yangu ni Kunigunda."

"Mfamasia. Na mama yako simuulizi, nakuuliza wewe. Asubuhi ukiamka, mikono ikoje?"

Pale mtoto wa mtu akakohoa, Kunigunda akatamani kumziba mdomo asipitwe na neno.

"Inatetemeka," Emilian akasema, sauti ya chini. "Mpaka nipate kidogo."

"Kidogo cha komoni?"

"Cha bondeni."

"Na wewe mwenyewe unataka hivyo?"

"Nani anataka hivyo, dada? Juzi nimekata mti wa kahawa aliopanda baba, nikidhani nakata tawi kavu. Nimeufunika majani mama asiuone." Kunigunda pale benchini akauma kanga. "Nimesema naacha. Nimesema kila mwezi. Nipe dawa ya usingizi, nilale mpaka hamu iishe."

"Hiyo sikupi. Hiyo na gongo vikikutana ndani yako huamki. Nisikilize vizuri, Emilian. Usiache kwa ghafla. Mwili wako umeshaizoea kama ukuta ulioegemea nguzo, ukiing'oa nguzo kwa hasira ukuta unakuangukia. Twende hospitali Litembo, wako wanaojua kumtoa mtu polepole. Nitakusindikiza. Mpaka siku hiyo, kunywa, lakini kesho pungufu ya leo, na ule kwanza. Na uje hapa uniambie. Hata ukishindwa, njoo uniambie umeshindwa."

Kunigunda aliinuka pale miguu inawaka. Msabato! Asiyegusa hata chai! Anamwambia mwanangu anywe!

Alingoja Emilian aondoke, akaingia.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba. Umezaliwa lini wewe, wa kumfundisha mtoto wangu kunywa pombe?"

Asnath akaweka chini kopo alilokuwa ameshika. "Kumbe ulikuwa nje."

"Nilikuwa nje. Kanisani kwenu mmekatazwa, kwetu unasema tunywe. Unataka nini kwa Emilian?"

"Nataka asife, bibi."

"Nani kakuambia anakufa? Wewe ndiye Mungu?"

"Bibi, ungekaa nikueleze..."

"Nikae kwenye kiti chako? Sikai." Akasimama, mkono kiunoni. "Nieleze nikiwa nimesimama."

Asnath akamweleza yale yale, taratibu, akamwambia na yeye mama ndiye anayeweza kumfikisha Litembo kwa sababu Emilian anamwogopa. Kunigunda alisikia neno hospitali tu. Hospitali ya mlevi, alijua yeye, ni ya wendawazimu, na ukoo ukishaandikwa wendawazimu hakuna atakayeoa humo. Akatoka bila kuaga.

Jioni alikwenda kwa Mansuetus, mdogo wa marehemu mumewe. Mansuetus ndiye mzee wa ukoo sasa, mtu wa maneno mengi na meno machache.

"Shemeji," Mansuetus akasema, "mtu hatoi maneno mazuri bure. Mume yuko ziwani, mke yuko hapa. Kijana anaambiwa aje kila mara. Wewe unaonaje?"

"Naona hivyo hivyo unavyoona."

"Au anataka kumpeleka Jumamosi. Wanaanza hivyo. Kwanza tumbo, halafu roho."

"Anywe kidogo kidogo, asiache, aendelee kwenda dukani. Ndiyo mtego wenyewe!" Kunigunda akapiga paja. "Akiacha kabisa, atamwendea kufanya nini?"

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la kwetu kabisa, mtu wa mahali pengine asingelifikia. Jumatano ya Majivu ilikuwa imekaribia. Huku kwetu Kwaresima watu wanajinyima: huyu anaacha nyama, yule anaacha ugoro, wanaume wengi wanaiacha pombe mpaka Pasaka, na wengi wanaweza, maana kunywa kwao ni kwa kazi na sikukuu. Kunigunda akaona Mungu mwenyewe amemfungulia mlango. Padri hakumuuliza. Angemuuliza wa nini? Alimwita Emilian ndani, akamsimamisha mbele ya picha ya Bikira Maria, akamwambia aape: hata tone, mpaka Pasaka.

"Mama, yule dada alisema nisiache kwa..."

"Yule dada amekuzaa?"

Emilian akaapa. Tuseme ukweli, aliapa kwa moyo wote. Alikuwa anataka kweli, na kiapo cha mbele ya mama na Bikira kinampa mtu nguvu ya siku mbili tatu. Akapakwa majivu, akarudi, akalala chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, na mama akaweka komeo kwa nje, ili hata shetani akija asimkute.

Siku ya kwanza alitoka jasho kama anapalilia. Ya pili akatapika na mikono haikushika kijiko, Aurelia akamlisha uji naye akautema. Usiku wake hakulala. Ijumaa alianza kukung'uta blanketi, anakung'uta, anakung'uta.

"Siafu, mama. Toa siafu."

"Siafu wako wapi?"

"Hao hapo ukutani! Huwaoni?"

Ukuta ulikuwa mtupu. Aurelia akapiga magoti. "Mama, naomba nimwite daktari wa dukani."

"Nenda kamwite, na usirudi kwangu," Kunigunda akasema. "Huoni kwamba ni yeye? Kijana ameacha kwenda kwake, na siku hizo hizo anaona wadudu. Hilo si tego ni nini?"

Jumamosi asubuhi Emilian akaanguka. Mwili mzima ulikakamaa, kisha ukaanza kuruka juu ya mkeka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Kunigunda ameona wengi wakifa lakini hajawahi kuona hivyo. Akatoka nje, akapiga yowe lile la msiba, na kilima chote kikajibu.

"Kamuua! Msabato kamuua mwanangu!"

Mansuetus alifika wa kwanza, na vijana nyuma yake. Wakakimbilia dukani. Duka limefungwa, kufuli mbili. "Amekimbia!" mtu akasema, na wote wakasahau kwamba ni Jumamosi, na kwamba duka lile halijafunguliwa Jumamosi hata moja. Walimkuta nyumbani kwake, na Wasabato wachache wa vijiji vya jirani wameshika vitabu vya nyimbo. Mansuetus akasimama mlangoni na nyengo yake ya kufyekea.

"Toka nje uje uone kazi yako!"

Hawa ni watu wanaojua kutisha. Yule mwanamke angeweza kujifungia ndani, na mimi nisingemlaumu. Aliuliza neno moja tu, "Emilian?" akaweka kitabu, akatoka kwa nguo zake za ibada, akapita katikati yao akikimbia, hata wakaanza kumkimbiza badala ya kumkamata.

Ndani alikuta wanaume wawili wamemkalia Emilian, na mmoja anamwingiza kijiko kati ya meno.

"Toa kijiko! Shukeni juu yake, mlazeni ubavu!"

Kunigunda akasimama katikati. "Usimguse."

"Bibi, nipishe."

"Nimesema usimguse. Kwa nini unatoa kijiko? Aume ulimi ufurahi?"

"Kijiko kitavunja meno kimzibe pumzi. Bibi, nitazame." Asnath alikuwa anahema, lakini sauti aliishusha. "Nitazame mimi. Amekunywa lini mara ya mwisho?"

Kunigunda akalitazama komeo la mlango.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani. Aurelia analia. Mansuetus na nyengo yake. Na swali lile lilisimama pale kama mgeni asiyekaribishwa. Kunigunda aliielewa njia yake yote mpaka mwisho, mtu mwenye mashaka huwa na akili nyepesi ya kuona jambo linakoelekea. Akisema, basi aliyemng'oa nguzo mwanawe ni yeye, na mbele ya watu wote aliowapigia yowe. Asiposema, Msabato abaki mchawi, na yeye abaki mama.

"Bibi, wakijua lini, Litembo watajua la kufanya. Wasipojua watamtibu kifafa au malaria, na saa zinakwenda."

Emilian akatulia kidogo, akakoroma, kisha mguu wake ukaanza kuruka tena.

"Jumanne," Kunigunda akasema.

"Jumanne hii?"

"Jioni ya kuamkia Majivu. Baada ya hapo hakuna. Nilimwapisha mimi. Nilimfungia mimi, komeo lile pale." Akageuka kwa Mansuetus. "Na wewe shusha hiyo nyengo, unadhani unafyeka wapi?"

Wakampata mwenye pikapu aliyeleta mbolea. Emilian akalazwa nyuma juu ya magunia matupu, kwa ubavu, kichwa mapajani mwa Asnath. Kunigunda akapanda, akakaa upande wa pili. Njia nzima ya Litembo, kwenye zile kona ambazo hata mzima anatapika, hakutazama mlima wala bonde. Aliitazama mikono ya yule mwanamke. Mkono mmoja unashika taya, mwingine unafuta povu kwa upindo wa ile nguo nzuri ya ibada. Alingoja aone itafanya kitu gani. Haikufanya kitu kingine mpaka getini.

Hospitalini daktari akauliza, Asnath akasema aliyoyajua: kiungulia, mitetemo ya asubuhi, gongo. Alipoulizwa mengine akanyoosha mkono. "Muulizeni mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa naye." Kunigunda akaulizwa, kwa heshima, kama mtu wa kazi, akajibu kila kitu: jasho lilianza lini, siafu lini, alianguka vipi. Alijibu mpaka mwisho, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi akajifunika kanga kichwani.

Emilian alipona. Si haraka, kuna siku alimwita mama yake kwa jina la mbwa waliyekuwa naye zamani. Walimpa dawa zao polepole, wakazipunguza polepole, na alipotoka alikuwa mwembamba kama mtoto wa komunyo, lakini kikombe alishika.

Kunigunda hakusema asante. Alikwenda dukani siku duka liko wazi, safari hii akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Kwa nini uliacha ibada yako?"

"Bibi, Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato."

"Usinihubirie. Nimeuliza kwa nini."

Asnath akafikiri. "Kaka yangu Upareni alifungiwa hivyo hivyo. Hakukuwa na mtu wa kuuliza amekunywa lini, tukamzika."

Kunigunda akatazama cheti ukutani kwa muda mrefu, kama anayekisoma. "Bado sijakuamini," akasema.

"Usiniamini. Njoo tu naye."

Ndivyo ilivyokuwa. Emilian alikuwa anakwenda dukani kila wiki kukaa na kuzungumza: hamu imekuja saa ngapi, alikuwa na nani, alifanya nini badala yake. Mama anakaa benchini kwenye mlango, akilinda. Alichokuwa analinda hakuna aliyejua tena, labda hata yeye. Kuna siku, baada ya mazishi ya rafiki yake, Emilian aliteremka bondeni. Kesho yake alikwenda kumwambia Asnath ameshindwa, kama alivyoagizwa. Kunigunda alingoja matusi. Asnath akamuuliza, "Ulikula kwanza?" wakaanza upya, na wiki ile ile wakarudi Litembo wote watatu.

Sasa kilichobaki ndicho kigumu, na hicho duka halina dawa yake.

Baada ya Pasaka Mansuetus akaita ngokela. Wanaume wakafyeka majani na kuyalaza mistari ya miraba, wanawake wakafukia udongo juu, na Emilian alifanya kazi ya watu wawili, mkono umetulia kabisa. Jua lilipoinama kibuyu kikatoka. Kikapita kwa wazee, kikapita kwa vijana, kikafika kwa Emilian. Akakishika, akampa wa pili yake.

Watu wakamtazama.

"Emilian," Mansuetus akasema. "Mimi ni baba yako mdogo. Kibuyu changu kina nini?"

"Hakina kitu, baba."

"Hakina kitu lakini hukinywi. Unaniona mchawi? Au umeshahamia Jumamosi?"

Wengine wakacheka, cheko lile baya. Jasho likamtoka Emilian kuliko la shambani. Ukimkatalia mtu kibuyu chake baada ya kumlimia, umesema mbele ya watu kwamba unaogopa mkono wake. Kwa kuogopa neno hilo wangapi huku wamekunywa mpaka wamezikwa! Mkono wa Emilian ukaanza kurudi kwenye kibuyu. Nilikuwepo, niliuona.

Kunigunda akatupa jembe.

"Lete hapa," akasema. Akakipokea kibuyu, akakinusa. "Ulezi wako uliota vibaya, Mansuetus, lakini sumu haimo. Haya, nimesema mbele ya wote, sumu haimo. Na mimi sinywi."

"Wewe shemeji? Wewe Kunigunda?"

"Mimi. Mwanangu akiinywa inamwangusha, mlimwona wenyewe, mliingia kwangu na viatu vyenu vya matope. Asipokunywa kwenu mnamwita jina. Basi niiteni mimi kwanza. Kuanzia leo sinywi kwa mtu, na sipiki. Nani ana neno?"

Maneno yalikuja baadaye, nyuma yake, kisimani na njiani. Kwamba Msabato amemlisha kitu. Kwamba ameonekana akila usipa wake, na hilo kweli amekula, na kichwa na mkia. Kwamba Jumapili anakaa benchi la mbele kujificha tu. Mtu aliyeshuku kijiji kizima maisha yake yote, sasa kijiji kizima kinamshuku yeye, na hajainama hata kidogo.

Wiki iliyopita aliita ngokela yake. Pembeni mwa shamba aliweka togwa, tamu, ya leo leo, haijachachuka. Waliokuja ni Aurelia, Emilian, mimi, na Asnath, ambaye hajui hata majani yanalazwa upande gani, alikuwa anayalaza kama anatandika kitanda. Mansuetus alipita barabarani akatazama juu, akaendelea. Tulilima mpaka giza na hatukufika hata nusu. Emilian hakusema kitu njia yote ya kurudi. Nina hofu na kimya kile, kwa sababu najua anachofikiri: kwamba shamba la mama yake limelala kwa ajili yake, na kwamba kikombe kimoja tu kingewarudisha watu wote.

Maharage hayangoji. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, na wewe Getrude uliyenibebesha kalamu, na nyie wote mliokunywa komoni ya Kunigunda miaka yote hiyo mkajilamba vidole: Jumatatu asubuhi chukua jembe uje umlimie. Utapewa togwa. Unywe, usikunje uso, usiulize nyingine iko wapi. Na kijana akipokea kikombe cha togwa karibu yako, tazama pembeni, endelea na hadithi zako. Nitakuwa nimesimama juu ya shamba, naona mbali bado, na nitajua nani hakuja.